Sukari Baada ya Hedhi Kukoma: Kwa Nini Namba Moja ya Asubuhi Haitoshi

Mfumo wetu wa afya humfahamu mwanamke vizuri maadamu anazaa. Kila ujauzito una kadi yake ya kliniki, na kila hudhurio lina vipimo vyake: uzito, presha, wingi wa damu, mkojo. Mtoto wa mwisho akishamaliza chanjo, kadi huingia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na tangu hapo mama huyo hana tena tarehe ya kurudi kituo cha afya mpaka augue. Hupita miaka kumi, wakati mwingine kumi na mitano, na ni ndani ya miaka hiyo hedhi huanza kuyumba na hatimaye kukoma, kiuno kikaongezeka, usingizi ukakatikakatika, na mwili ukabadili namna unavyoitumia sukari. Ninachotaka kusema ni kwamba upimaji wa sukari kwa wanawake wa umri huu, kama tunavyouona sasa Tanzania, hutegemea bahati mno. Na hata unapofanyika, mara nyingi huegemea kipimo ambacho kwa mwanamke ni chepesi kulipita tatizo bila kuliona.

Tuanze na mwili wenyewe. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi inapotimia miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ovari zinapopunguza kutoa homoni ya estrojeni, mafuta ambayo awali yalihifadhiwa zaidi kwenye nyonga na mapaja huanza kujikusanya tumboni, mengine chini ya ngozi na mengine ndani kabisa, kuzunguka ini na matumbo. Haya ya ndani ndiyo yenye matata. Huachia asidi za mafuta zinazokwenda kwenye ini, ini likawa gumu kuitii insulini na kuendelea kumwaga sukari kwenye damu hata usiku ambapo mtu hajala kitu, na kongosho likalazimika kutoa insulini nyingi zaidi kwa kazi ileile. Wakati huohuo misuli hupungua, ilhali misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Utafiti wa Marekani unaojulikana kwa kifupi kama SWAN, ulioanza kufuatilia wanawake mwaka 1996, ulionesha kwamba kasi ya kuongezeka kwa mafuta mwilini hupanda takriban mara mbili pale kipindi cha mpito kuelekea kukoma hedhi kinapoanza, misuli nayo ikianza kupungua, na hali hiyo huendelea hadi kama miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho. Mizani haioneshi yote hayo. Mama anaweza kuongeza kilo mbili tu, na bado sare aliyoshonesha kwa harusi ya mwaka juzi ikagoma kufunga zipu kiunoni.

Lakini tusiitwishe hedhi mzigo usio wake. Watafiti wa SWAN hao hao walieleza mwaka 2009 kwamba lehemu mbaya, ile iitwayo LDL, hupanda ghafla katika mwaka unaozunguka hedhi ya mwisho, ila sukari na insulini hupanda polepole kufuata umri, bila ngazi inayoonekana wazi pale hedhi inapokoma. Kwa hiyo anayesema kwamba kukoma hedhi kunaleta kisukari amekwenda mbali kuliko ushahidi. Hata hivyo, kwa mhudumu aliye zahanati, mabishano ya kama chanzo ni ovari au ni umri hayabadilishi kazi iliyo mbele yake, kwa sababu vyote viwili humkuta mama yuleyule katika miaka ileile. Pale yanapobadilisha kazi ni kwa aliyekoma hedhi mapema. Katika uchunguzi wa muda mrefu uliofanyika Rotterdam nchini Uholanzi, wanawake waliokoma hedhi kabla ya miaka 40 walikuwa na hatari ya kupata kisukari aina ya pili karibu mara 4 ya wale waliokoma baada ya miaka 55. Mwanamke aliyeondolewa ovari kwa upasuaji akiwa na miaka 38 hapaswi kusubiri afike 45 ndipo mtu akumbuke kumpima.

Ugumu mwingine ni kwamba dalili za kukoma hedhi na za sukari kupanda zimefanana kiasi cha kumchanganya hata daktari mwenye haraka. Mama analalamika kuchoka bila sababu, kuamka usiku kwenda haja ndogo, kutokwa jasho, kuwashwa sehemu za siri, kupata maambukizi ya njia ya mkojo ambayo yakitibiwa leo yanarudi mwezi ujao. Kila moja ya dalili hizo inaweza kuelezwa na upungufu wa estrojeni, maana ngozi ya uke na njia ya mkojo hukonda homoni hiyo ikipungua. Nyingi kati ya hizo zinaweza pia kuelezwa na sukari iliyopanda. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mama mwenyewe, majirani zake na mhudumu huafikiana kwa kauli moja kuwa "ni umri huo, utazoea", akapewa dozi ya pili ya dawa ya U.T.I. na kurudi nyumbani. Kwa maoni yangu, mwanamke wa miaka 50 anayerudi kwa mara ya pili na fangasi au U.T.I. ndani ya mwaka asitoke chumbani bila kupimwa sukari, hata kama alikuja kwa jambo jingine kabisa.

Sasa tuangalie upimaji wenyewe unavyokwenda. Njia inayowafikia wengi ni hema la upimaji wa bure, hasa kuelekea Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani. Tuchukue mfano wa mama wa miaka 52 anayefika hapo saa nne asubuhi. Saa moja alikunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari kwa maandazi mawili. Njiani amemenya chungwa, ila hajalila. Anatobolewa kidole ambacho hakikuoshwa kwa maji, tone la kwanza linawekwa kwenye kijiti, mashine inaandika 8.4, yaani milimoli kwa lita ya damu. Anaambiwa hajafika 11.1, kwa hiyo yuko vizuri, anapewa kipeperushi. Hapo yamepita makosa mawili yanayovutana. Maji ya chungwa yaliyobaki kwenye kidole yanaweza kupandisha namba isivyo kweli, na hiyo peke yake ilitosha kumwambia anawe na apimwe upya. Ila ikiwa namba hiyo ni ya kweli, basi haiko vizuri hata kidogo, kwa kuwa kwa mtu asiye na tatizo sukari hurudi chini ya 7.8 ndani ya saa mbili baada ya kula, na huyu zimepita tatu. Kiwango cha 11.1 ni cha kumtambua aliyekwisha kuugua na mwenye dalili. Hakikuwekwa kuwa mpaka wa uzima. Hakuna aliyemuuliza alikula lini.

Mashine yenyewe ni chombo kizuri kwa kazi yake, yaani kumsaidia mgonjwa anayejulikana kufuatilia sukari yake nyumbani. Viwango vya kimataifa vya mwaka 2013 vinairuhusu kupishana na maabara kwa asilimia 15 juu au chini pale sukari inapokuwa 5.6 au zaidi. Maana yake ni kwamba sukari halisi ya 6.5 kwa aliyefunga kula inaweza kusomeka 5.5 kwenye mashine moja na 7.5 kwenye nyingine, na zote mbili zikawa zimetimiza masharti ya kiwanda. Namba ya kwanza humrudisha mama nyumbani akiwa mzima, ya pili humtangaza mgonjwa. Ongeza hapo vijiti vilivyoachwa kwenye kopo lililo wazi katika unyevunyevu wa Tanga au Dar es Salaam, na utaona kwa nini namba ya kidoleni inafaa kuanzisha uchunguzi na haifai kuumaliza. Maabara nayo ina udhaifu wake: damu ikikaa kwenye chupa bila kutenganishwa, chembe zake huendelea kuila sukari, na namba hushuka kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, zaidi kukiwa na joto. Sampuli iliyochukuliwa saa mbili asubuhi ikiwa 7.2 na kusubiri fundi hadi saa nne inaweza kutoka ikiwa 6.4.

Vipimo vinavyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni vitatu kwa mtu asiye na dalili. Cha kwanza ni sukari ya aliyefunga kula angalau saa nane, ambapo 7.0 na kuendelea ni kisukari na 6.1 hadi 6.9 ni hali ya kati, yaani sukari imepanda bila kufikia kisukari. Cha pili ni sukari ya saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, ambapo 11.1 ni kisukari na 7.8 hadi 11.0 ni hali ya kati. Cha tatu ni HbA1c, ambacho wagonjwa wetu hukiita kipimo cha miezi mitatu, na mpaka wake ni asilimia 6.5. Vipimo hivi havimwoni mtu yuleyule. Sukari ya kufunga hueleza zaidi habari za ini usiku. Ile ya saa mbili hueleza jinsi misuli inavyopokea mzigo wa mlo. Tafiti za nchi nyingi zimeonesha kwamba wanaume huonekana zaidi kwa kipimo cha kufunga, wakati wanawake, hasa wenye umri mkubwa, huangukia zaidi katika kundi ambalo sukari ya asubuhi ni ya kawaida na ya baada ya mlo ndiyo iliyoharibika. Mama mwenye 5.7 asubuhi na 9.9 saa mbili baada ya glukosi ameambiwa mara ngapi kwamba hana tatizo, kwa sababu tu hakuna aliyeendelea hadi kipimo cha pili?

Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya upimaji katika vijiji 6, wakitumia kinywaji cha glukosi cha gramu 75. Walikuta kisukari kwa asilimia 0.9 tu ya watu wazima, namba iliyowafurahisha wengi, lakini waliokuwa katika hali ya kati baada ya glukosi walikuwa asilimia 7.8, yaani karibu watu tisa kwa kila mgonjwa mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulipata sukari iliyopanda kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo hazikutumia njia moja wala hazikupima watu wa aina moja, hivyo siwezi kuzilinganisha namba kwa namba; ninachokiona ni kwamba lile kundi la kati, ambalo mwaka 1989 lilikuwa mbele ya macho yetu, halionekani tena mara tunapobaki na sukari ya kufunga peke yake.

Wapo wanaopendekeza tuiruke shida yote hii kwa kutumia HbA1c, ambayo haihitaji mtu kufunga wala kusubiri. Kwa Ulaya hoja hiyo ina nguvu. Kwetu inahitaji tahadhari, na kwa mwanamke wa umri huu tahadhari maradufu. HbA1c hupima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, kwa hiyo chochote kinachofupisha au kurefusha maisha ya chembe hizo huivuruga. Wabebaji wa vinasaba vya selimundu ni wengi Tanzania, nao wenyewe hawaumwi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionesha kuwa kwa sukari ileile ya kufunga, HbA1c yao ilikuwa chini kwa takriban asilimia 0.3 kuliko ya wasio wabebaji. Ni tofauti ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayotenganisha 6.5 na 6.2. Kisha kuna hedhi zenyewe. Miaka ya mwisho kabla ya kukoma huwa na damu nyingi kwa wanawake wengi, hasa wenye uvimbe kwenye kizazi. Kupoteza damu nyingi hushusha HbA1c, na upungufu wa madini ya chuma unaofuata huweza kuipandisha. Mama aliyetoka kutibiwa upungufu wa damu au kuongezewa damu asisomewe HbA1c kama ushahidi wa lolote mpaka ipite miezi mitatu.

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni futi ya fundi cherehani, na ajabu ni kwamba ndicho kinachotumika kidogo kuliko vyote. Mwongozo wa kimataifa unamwekea mwanamke wa Afrika mpaka wa sentimita 80 za kiuno, ambao kwa kweli ni mpaka wa Wazungu tulioazimwa kwa kukosekana takwimu zetu. Watafiti waliopima wanawake wa Soweto walieleza mwaka 2012 kwamba mpaka unaotambua vizuri hatari ulikuwa karibu na sentimita 92. Ukitumia 80, utawatia hofu akina mama wengi wasio na tatizo la sukari wala presha. Mimi napendelea kanuni rahisi kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wa mtu, kwa sababu humtendea haki mwanamke mfupi wa Lushoto na mrefu wa Shinyanga, na hakuna anayehitaji jedwali.

Kwa nini tuhangaike hivi? Sababu kubwa ni moyo. Kabla ya kukoma hedhi mwanamke huwa nyuma ya mwanamume kwa maradhi ya mishipa ya moyo, na kisukari humnyang'anya nafasi hiyo. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliounganisha tafiti 64 zenye zaidi ya watu 850,000 ulikuta kwamba ongezeko la hatari ya maradhi hayo linaloletwa na kisukari ni kubwa kwa wanawake kwa asilimia 44 kuliko kwa wanaume. Ukiweka juu yake ile lehemu inayoruka katika mwaka wa hedhi ya mwisho, na presha inayopanda, unapata mama ambaye sukari yake haijafika hata kiwango cha ugonjwa lakini mishipa yake imekwisha kuanza kuharibika.

Swali linalofuata huwa la homoni. Ni kweli kwamba katika jaribio kubwa la Marekani lililosimamishwa mwaka 2002, wanawake waliopewa estrojeni pamoja na projestini, homoni nyingine ya kike, walipata kisukari kipya kwa kiasi kidogo, pungufu ya asilimia 21 hivi. Jaribio hilohilo lilisimamishwa kwa sababu saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda viliongezeka. Ndiyo maana tiba ya homoni hupewa anayeteswa na joto la ghafla na jasho, baada ya kupimana faida na hasara na daktari wake. Haipewi mtu kwa ajili ya kuzuia kisukari. Unga na vidonge vya "kurudisha homoni" vinavyouzwa kwa oda ya simu sivihesabu katika mjadala huu.

Kilichothibitika ni cha kawaida mno kiasi kwamba hakipati matangazo. Mpango wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, wenye washiriki 3,234 waliokuwa katika hali ya kati, ulipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 58 kwa njia ya kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Dawa ya metformini ilipunguza kwa asilimia 31. Waliokuwa na miaka 60 na zaidi ndio waliofaidika zaidi na mwenendo wa maisha, kwa asilimia 71, wakati dawa haikuwasaidia sana. Kwa wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba, dawa na mwenendo vilikaribiana, kila kimoja kikipunguza karibu nusu. Kwa jikoni kwetu hilo lina sura yake: sukari ya chai kushuka kutoka vijiko vitatu hadi kimoja na hatimaye kuachwa, tonge la ugali kupungua na maharage, dagaa au mchicha kuongezeka, mboga na kitoweo kutangulia mdomoni kabla ya wali, na kutembea mtaani robo saa baada ya chakula cha usiku badala ya kukaa mbele ya tamthilia. Kutembea peke yake hakurudishi misuli. Mwenye magoti yanayouma anaweza kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, mara kumi kwa awamu, au kunyanyua madumu madogo ya maji. Hiyo nayo ni tiba ya sukari, ingawa wengi wetu hatukufundishwa kuiita hivyo.

Kinachobaki ni kumpata mama mwenyewe, maana hatakuja kupimwa sukari kwa kuitwa tu. Mlango upo. Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi unawalenga wanawake wa miaka 30 hadi 50, na kliniki za CTC, yaani za matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU, zinawaona kwa ratiba maelfu ya wanawake walio karibu kukoma hedhi, wengi wao wakitumia dolutegraviri, dawa ya kufubaza VVU ambayo majaribio ya Afrika Kusini yameihusisha na kuongezeka uzito, kwa wanawake kuliko wanaume. Katika milango hiyo miwili maswali matatu yangetosha kuanzia: je, uliwahi kuambiwa una sukari wakati wa ujauzito au kuzaa mtoto wa kilo nne na zaidi; hedhi yako ilikoma ukiwa na miaka mingapi; na je, nyumbani kwenu kuna mwenye kisukari. Aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana hatari zaidi ya mara 7 ya kupata kisukari aina ya pili, na kwa kuwa akina mama wengi wa enzi hizo walipimwa mkojo tu, uzito wa mtoto ndio ushahidi pekee waliobaki nao.

Atakayejibu ndiyo kwa swali la kwanza au la tatu, aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45, au mwenye kiuno kilichozidi nusu ya urefu wake, apewe kinywaji cha glukosi badala ya kutobolewa kidole na kuagwa. Najua pingamizi: saa mbili ni nyingi kwa mama aliyeacha genge lake kwa jirani. Mwaka 2024 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipendekeza kipimo cha saa moja, ambapo 8.6 huonesha hali ya kati na 11.6 huonesha kisukari, na sioni sababu ya Wizara kuchelewa kukijaribu katika hospitali chache za wilaya. Atakayekutwa katika hali ya kati arudi baada ya mwaka, tarehe ikiwa imeandikwa kwenye kadi, kama zilivyoandikwa zile za chanjo za watoto wake.